Taa ya Tiba ya Mwanga: Namna ya Kuitumia Wakati wa Majira ya Baridi

Watu wengi wanaosema kwamba taa ya tiba ya mwanga haikuwasaidia hawakununua taa mbovu. Waliiweka mbali mno na uso, au waliiwasha jioni baada ya kutoka kazini, au waliitumia siku tatu, wakaiacha siku nne, kisha wakaamua kwamba ni biashara tupu. Jambo hilo linasikitisha, kwa sababu taa hii ikitumiwa ipasavyo ni miongoni mwa tiba chache za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka upesi) ambazo mtu anaweza kuziendesha mwenyewe nyumbani huku akiendelea na shughuli zake za asubuhi. Lakini ni tiba kwelikweli: ina kipimo chake, ina saa yake, na wapo watu ambao haiwafai. Maelezo haya yanamlenga mtu mzima ambaye kila mwaka, siku zinapofupika, nguvu humwishia na furaha humkimbia, na ambaye ameamua kujaribu taa, au tayari anayo na haoni faida yake.

Huzuni inayohusika

Karibu na Ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, lakini kadiri mtu anavyoishi mbali nayo, iwe kaskazini au kusini, ndivyo mchana wa majira ya baridi unavyozidi kuwa mfupi. Katika mji wa Tromsø, kaskazini mwa Norwei, jua halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Katika mazingira ya giza namna hiyo watu wengi huhisi uzito fulani: kuamka kunakuwa kazi, hamu ya kukutana na watu inapungua, na mambo yaliyokuwa yakifurahisha hayavutii tena. Hali hiyo nyepesi ndiyo wengi huiita huzuni ya majira ya baridi. Wengine huugua hasa, yaani hupatwa na sonona kamili inayorudi msimu uleule mwaka hata mwaka na kuondoka majira ya kuchipua yanapofika.

Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani walichapisha maelezo ya ugonjwa huo pamoja na matokeo yao ya kwanza ya kuutibu kwa mwanga. Kabla ya hapo mhandisi mmoja alikuwa amewaendea watafiti wa taasisi hiyo akiwa na maandishi ya miaka mingi yaliyoonyesha jinsi hali yake ilivyopanda na kushuka kulingana na msimu. Nalitaja jambo hilo kwa sababu daftari la aina hiyo litahitajika tena hapa chini.

Dalili za sonona ya msimu zina sura yake. Wagonjwa wengi wa sonona ya kawaida hukosa usingizi na kupoteza hamu ya kula, lakini wa sonona ya majira ya baridi kwa kawaida hulala kupita kiasi na bado huamka wakiwa wamechoka, hutamani vyakula vya wanga na vya sukari, huongezeka uzito, huhisi mikono na miguu imekuwa mizito, na hujitenga. Mtu mwenye dalili za namna hii ndiye ambaye taa ina uwezekano mkubwa wa kumsaidia. Ikiwa huzuni imefikia hatua ya kushindwa kazi au masomo, au ikiwa mtu ameanza kuwaza kwamba afadhali asingekuwapo duniani, taa si mahali pa kuanzia. Anayepitia hali hiyo amweleze mtu wa karibu leo hii, na aonane na daktari au aende kituo cha dharura bila kusubiri.

Mwanga huingia kwa njia ya macho

Ni vema kuelewa taa inafanya nini mwilini, kwa kuwa karibu kila sharti la matumizi yake linatokana na hilo. Nyuma ya jicho, katika utando uitwao retina, kuna seli chache ambazo kazi yake kuu si kutuonyesha vitu bali kupima kiasi cha mwanga uliopo. Zilielezwa mwaka 2002 na David Berson na wenzake nchini Marekani. Seli hizo hupeleka taarifa kwenye kiini kidogo ndani ya ubongo, katika hipothalamasi, ambacho ndicho saa kuu ya mwili. Saa hiyo huamua melatonini, homoni ya usiku, ianze kutolewa lini na ikome lini. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba, wakati wa majira ya baridi, asubuhi inakosa mwanga wa kutosha kuirekebisha saa hiyo, nayo huanza kuchelewa. Mtu anainuka kitandani na kwenda kazini ilhali mwili wake bado uko usiku.

Je, mwanga wa taa za kawaida hautoshi? Mwaka 1980 Alfred Lewy na wenzake walionyesha kwamba mwanga wa laksi 2,500 ulizima utoaji wa melatonini kwa binadamu usiku, wakati mwanga wa laksi 500, ambao ni kama wa ofisi yenye taa nzuri, haukufanya hivyo. Laksi ni kipimo cha mwanga unaofika mahali fulani. Sebuleni usiku mara nyingi hazizidi mia moja au mia mbili, nje siku ya mawingu huweza kufika maelfu kadhaa, na chini ya jua kali la mchana hukaribia 100,000. Jicho letu huuzoea mwanga hafifu, na kwa hiyo chumba chenye laksi 150 huonekana kuwa na mwanga wa kutosha kabisa, ilhali kwa saa ya mwili chumba hicho ni kama jioni isiyokwisha.

Kutokana na hayo, kuipa ngozi mwanga huku macho yamefumbwa ni kupoteza muda, na kulala kifudifudi karibu na taa ni vivyo hivyo. Aidha, taa hii haitengenezi vitamini D. Vitamini hiyo hutengenezwa na ngozi inapopigwa na mionzi ya urujuanimno, na taa nzuri ya tiba huchuja mionzi hiyo kwa makusudi kwa sababu inadhuru macho na ngozi. Anayeshuku kwamba amepungukiwa na vitamini D apimwe damu. Hilo ni jambo tofauti na lina tiba yake.

Kuchagua taa

Kipimo kinachotumika zaidi ni laksi 10,000. Tatizo ni kwamba namba hiyo haina maana yoyote isipoambatana na umbali. Taa ndogo inaweza kutoa laksi 10,000 kwa mtu aliyeweka uso wake sentimita 15 mbele yake, na hakuna anayeweza kunywa chai au kusoma akiwa amekaa hivyo kwa nusu saa kila siku. Kabla ya kununua, tafuta kwenye maelezo ya mtengenezaji sentensi inayosema laksi 10,000 zinapatikana kwa umbali gani. Umbali wa sentimita 30 hadi 60 unavumilika. Maelezo yasiyotaja umbali yanatosha kuwa sababu ya kuiacha taa hiyo, hata kama sura yake inapendeza.

Ukubwa wa uso wa taa nao una maana. Taa yenye uso mpana inamruhusu mtu kusogeza kichwa kidogo bila kutoka nje ya mwanga, na haiumizi macho kama nukta ndogo inayowaka vikali. Kwa hiyo ningemshauri mtu anayeweza kuchagua achukue taa pana na si ile inayoingia mfukoni. Iwe na kichujio cha mionzi ya urujuanimno, na itoe mwanga mweupe. Taa za rangi ya buluu zipo sokoni, lakini mwanga mweupe ndio uliofanyiwa utafiti zaidi, na mwanga wa buluu unazua maswali zaidi kuhusu usalama wa retina. Taa za LED na zile za mirija zote zinafaa. Taa za kukoleza rangi ya ngozi hazifai hata kidogo kwa kazi hii, kwani zinatoa mionzi ileile tunayoikwepa. Mwenye ugonjwa wowote wa macho amwone daktari wa macho kabla ya kulipa fedha.

Mahali pa kuiweka

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Mwanga unaotoka kwenye chanzo kidogo hupungua haraka kuliko tunavyodhani: umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaofika usoni hubaki karibu robo tu. Tuseme taa inatoa laksi 10,000 kwa sentimita 30. Mtu akiisogeza hadi sentimita 60 ili apate nafasi ya kuweka sahani yake, anabakiwa na kiasi cha laksi 2,500, na kwa mwanga huo atahitaji kukaa karibu saa mbili ili apate kile ambacho angekipata kwa nusu saa. Kwa taa yenye uso mpana upungufu hauwi mkali hivyo, lakini upo. Na ile taa iliyowekwa kwenye rafu upande wa pili wa chumba, ambayo mwenyewe anaamini inamtibu, kwa hakika ni pambo tu.

Basi chukua futikamba. Kaa mahali utakapokaa kila asubuhi, katika mkao wako wa kawaida na si ule wa kujinyoosha, kisha pima kutoka machoni hadi kwenye uso wa taa. Ukishapata umbali uliotajwa na mtengenezaji, weka alama mezani kwa kipande cha gundi ya karatasi mahali kitako cha taa kinapokaa, ili kesho usianze kukisia. Programu za simu zinazopima mwanga hutoa makadirio tu, na mara nyingine hukosea sana, kwa hiyo afadhali kuitegemea futikamba.

Taa iinuliwe iwe juu kidogo ya usawa wa macho na kuinamishwa kuelekea usoni, au isogezwe kidogo pembeni. Huitazami moja kwa moja. Unasoma, unakula, unaandika, unazungumza na watu wa nyumbani, macho yakiwa wazi na uso ukielekea upande wa taa, na unaweza kuitupia jicho mara moja moja. Miwani ya kawaida ya kusomea haina tatizo, lakini miwani ya jua au yenye lenzi za rangi itaondoa sehemu kubwa ya dozi. Simu ni mtego, kwa sababu anayeishika mapajani huinamisha kichwa kwa nusu saa nzima na kuupa mwanga utosi badala ya macho. Ikilazimu kuitumia, isimamishe mezani karibu na taa.

Saa ya kuiwasha na muda wa kukaa

Dozi ya kawaida ni dakika 30 za laksi 10,000 kila siku, mapema baada ya kuamka, ikiwezekana ndani ya saa moja ya kwanza. Mwanga wa asubuhi huivuta saa ya mwili mbele, ndiyo maana usingizi wa usiku unaofuata huja mapema na kuamka kunakuwa rahisi. Mwanga wa jioni hufanya kinyume chake: huisukuma nyuma. Mtu anayewasha taa saa mbili usiku kwa sababu ndipo anapopata nafasi anaweza kukosa usingizi hadi usiku wa manane na kuamka akiwa na hali mbaya kuliko jana yake. Aliyekosa asubuhi anaweza kuitumia mchana, lakini baada ya alasiri ni vema aiache hadi kesho.

Hata hivyo, mapema isizidi kiasi. Kwa mtu ambaye kwa kawaida huamka saa moja asubuhi, kujiamsha saa tisa usiku ili awahi taa ni kosa, kwa sababu kuna kipindi cha usiku, takriban saa mbili au tatu kabla ya muda wa kawaida wa kuamka, ambapo mwanga hubadilisha athari yake; ukija kabla ya hapo hurudisha saa nyuma kama mwanga wa jioni. Amka muda wako wa kawaida, au nusu saa kabla, na uushike muda huo hata siku za mapumziko. Na wale ambao tatizo lao ni kushtuka usingizini alfajiri na mapema na kushindwa kulala tena wasianze na mwanga wa asubuhi bila ushauri, kwani unaweza kuzidisha tatizo hilo.

Anayeanza kwa mara ya kwanza anaweza kukaa dakika 15 kwa siku mbili tatu, kisha akaongeza hadi 30 akiona macho na kichwa vimezoea. Mabadiliko ya kwanza mara nyingi huonekana ndani ya wiki moja au mbili, na wengi huyaona kwanza katika nguvu za mwili na urahisi wa kuamka, kabla ya moyo wenyewe kuchangamka. Zikipita wiki mbili za kila siku bila nafuu, pima upya umbali, angalia saa unayoiwasha, kisha ongeza muda hadi dakika 45 au 60. Zikifika wiki nne au sita na bado hakuna badiliko, ni wakati wa kumwona daktari, si wa kununua taa kubwa zaidi.

Daftari linasaidia sana katika hatua hii. Kila jioni andika mstari mmoja: saa uliyowasha taa, dakika ulizokaa, saa uliyolala jana na saa uliyoamka, na namba kuanzia moja hadi kumi inayoeleza siku ilivyokwenda. Sonona hupotosha kumbukumbu, hivi kwamba mtu aliyeanza kupata nafuu bado huamini hakuna kilichobadilika, na mtu aliyeruka siku tano huapa kwamba ameruka moja. Maandishi hayana upendeleo huo, na daktari akiyaona atajua pa kuanzia.

Tiba hii haihifadhiki mwilini. Mtu akiiacha katikati ya msimu, dalili kwa kawaida hurudi ndani ya siku chache au wiki chache, kwa hiyo inaendelezwa hadi mchana utakaporefuka wa kutosha.

Madhara, na wale wanaopaswa kujihadhari

Madhara ya kawaida ni kuumwa na kichwa, macho kuchoka, kichefuchefu, na hali ya kukasirika haraka au kutotulia. Mengi hupungua yenyewe baada ya siku chache, au mtu akipunguza dakika au akisogea nyuma kidogo na kufidia kwa kukaa muda mrefu zaidi. Mwenye kipandauso aanze taratibu zaidi.

Jambo zito zaidi ni baipola, ugonjwa wa hisia zinazopanda hadi wazimu wa furaha na kushuka hadi sonona. Mwanga mkali unaweza kumpandisha mgonjwa wa baipola: anaanza kulala saa chache bila kuchoka, mawazo yanakimbia, maneno hayaishi, fedha zinatumika ovyo. Hili haliko kwa wagonjwa wanaojulikana pekee, kwani wapo ambao hawajawahi kugunduliwa. Ikiwa wewe au ndugu yako wa damu amewahi kuwa na vipindi vya namna hiyo, usianze bila daktari wa afya ya akili. Kuwa na baipola si kufungiwa mlango: utafiti uliochapishwa na Dorothy Sit na wenzake mwaka 2018 uliwatibu wagonjwa waliokuwa pia wakitumia dawa za kutuliza hisia kwa mwanga wa laksi 7,000 mchana badala ya asubuhi, wakianza na dakika 15 na kuongeza polepole kila wiki, na wengi wao walipata nafuu. Kilichowezesha hilo ni uangalizi. Waambie watu unaoishi nao dalili za kupanda, maana mara nyingi wao huziona kabla ya mwenyewe, na zikionekana taa izimwe na daktari ajulishwe siku hiyohiyo.

Wenye magonjwa ya retina, waliodhurika macho kutokana na kisukari, na wenye glakoma au waliofanyiwa upasuaji wa macho karibuni wahitaji kibali cha daktari wa macho. Wapo pia wanaotumia dawa zinazoongeza wepesi wa ngozi au macho kudhurika na mwanga, kama vile doksisaiklini na nyinginezo za kundi lake, amiodaroni ya moyo, klopromazini, dawa kadhaa za chunusi, na hata baadhi ya mitishamba ya sonona. Mpelekee mfamasia orodha ya kila unachotumia, ukiwemo mtishamba, umwulize swali hilo moja.

Taa, vidonge na matembezi

Katika utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2006, Raymond Lam na wenzake waliwagawa wagonjwa 96 katika makundi mawili kwa wiki nane. Kundi moja lilipata laksi 10,000 kwa nusu saa kila asubuhi pamoja na kidonge kisicho na dawa. La pili lilipata miligramu 20 za fluoksetini, dawa ya sonona, pamoja na taa hafifu ya laksi 100. Katika makundi yote mawili asilimia 67 walipata nafuu kubwa. Kwa hiyo anayetumia taa hajachagua tiba ya mzaha, na anayetumia vidonge hajashindwa. Anayetumia dawa tayari asiziache kwa sababu amenunua taa. Zinaweza kwenda pamoja, na daktari ndiye wa kuamua kipi kipunguzwe.

Ushauri nasaha nao una nafasi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kelly Rohan wa Chuo Kikuu cha Vermont na wenzake waliwafuatilia watu 177 waliotibiwa ama kwa taa ama kwa tiba ya kuzungumza inayofunza mtu kubadili fikra na mwenendo wake kuhusu msimu huo. Mwishoni mwa matibabu makundi yalikuwa sawa, lakini majira ya baridi ya pili baadaye sonona ilikuwa imewarudia takriban asilimia 27 ya waliozungumza na asilimia 46 ya waliotumia taa. Sababu si ngumu kuikisia: alichojifunza mtu hubaki naye, ilhali taa inahitaji kuwashwa tena kila mwaka, na wengi huchoka.

Matembezi ya nje asubuhi ni nyongeza ambayo haina sababu ya kukosekana. Hata chini ya mawingu, nje kuna mwanga mwingi kuliko ndani, na mwili unaotembea hupata faida nyingine juu yake. Watu wa Rjukan, mji wa Norwei uliofichwa bondeni ambako milima hulizuia jua kwa karibu nusu mwaka, waliweka mwaka 2013 vioo vitatu vikubwa mlimani ili viakisi miale hadi kwenye uwanja wa mji, wapate mahali pa kusimama juani. Asiye na kioo mlimani anaweza kusogeza kiti chake dirishani, na kutoka nje saa ya mchana ambayo jua liko juu zaidi.

Majira ya kuchipua yakifika na ukawa unaamka kukiwa kumekucha, punguza dakika kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili, ukiangalia namba zako katika daftari. Kabla ya kuifunga taa kabatini, fungua kurasa za mwanzo utafute tarehe ambayo usingizi ulianza kuzidi na namba zikaanza kushuka. Iandike katika kalenda ya mwaka ujao, kisha hesabu wiki mbili nyuma na uweke alama hapo: hiyo ndiyo siku ya kuirudisha taa mezani.